Grafu Saba Zilizonyooka

Kiganjo, Thika,
Jumapili, 8 Juni 2025.

Mpendwa dada Kavindu,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano marefu na kioo cha bafuni, ninakutangazia rasmi kwamba mimi Maluki, mdogo wako wa pekee, nimenyoa masharubu. Tukio hilo lilifanyika Alhamisi saa kumi na mbili unusu asubuhi, hapa nyumbani, mbele ya mke wangu Carolyne na paka. Hakuna aliyejeruhiwa ila mimi, kidogo, chini ya pua. Marehemu alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Carolyne aliutazama uso uliobaki, akaweka kikombe chini, akasema sasa ameelewa kwa nini Mungu aliamua kuufunika.

Baada ya tangazo hilo zito, u hali gani, mwana wa mwaitu, mwana wa mama yangu? Goti limeacha kukusumbua, au bado linatabiri mvua kuliko redio? Ndengu zimetoka vizuri hapo Matuu? Sisi huku hatujambo. Baridi ya Juni imeingia, na kila mtu Kiganjo anatembea kama aliyeiba kuku akamficha ndani ya koti. Carolyne anakusalimu sana na anauliza kama kile kiondo ulichomwahidi bado kinasukwa au kimeshakuwa hadithi.

Najua umeshaanza kunitilia shaka. Tangu utoto, nikianza kwa mzaha namna hii, ulikuwa unaniambia nigeuke uone nimeficha nini mgongoni. Leo ninageuka. Ndiyo sababu nimeandika kwa mkono badala ya kupiga simu. Kwa simu ungenikatiza kwenye sentensi ya pili, na mimi ningeshukuru kukatizwa nisifike ya tatu.

Ni habari ya Ciku. Mwezi uliopita, Jumapili ya tarehe kumi na nane, nilikupigia tulipotoka kanisani nikakwambia kwa ufupi kwamba yule mwanafunzi wako wa Fizikia, uliyempenda kuliko sisi ndugu zako, amepika data na nimelazimika kumripoti. Ukasema utaongea naye mwenyewe, ukakata. Tangu hapo hujaniuliza neno, nami sijakupa. Leo nakupa yote, kwa mpangilio, hata yale yanayoniaibisha, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo mengi.

Unajua nimefundisha kompyuta hapa Thika mjini miaka kumi na minane, watoto wa diploma ambao nusu yao walidhani wamejiandikisha kwa kozi ya kutengeneza simu. Januari, Daktari Odongo, mkuu wa idara ya Fizikia katika chuo kimoja kule Ruiru, aliniomba niwe nakwenda mara mbili kwa wiki kuwafundisha walimu wake wanane lugha ya Python, ile ya kuandikia programu za kompyuta. Alisema amechoka kuona watu wenye shahada tatu wakichora grafu kwa penseli kwenye karatasi ya miraba. Mimi, dada! Mimi mwenye D ya Fizikia, ile D uliyoililia wewe kuliko nilivyoililia mimi, niwafundishe wanafizikia! Nilikubali kabla hajamaliza kuomba.

Ciku alikuwa mdogo kuliko wote, na bado yuko kwenye majaribio ya kazi. Odongo aliniambia wazi siku ya kwanza kwamba wale saba wanasoma kwa faida yao tu, lakini Ciku atathibitishwa kazini mwisho wa Juni iwapo tu atamaliza mafunzo haya na mimi niandike ripoti safi. Kalamu ya kumpa au kumnyima mtoto wa watu kazi ikawa mfukoni mwangu. Odongo hakujua kwamba mfuko ule umetoboka.

Kuwafundisha wanafizikia si kama kuwafundisha watoto. Mtoto ukimwambia andika hivi, anaandika. Mwanafizikia anataka kujua kwanza hivi ni nini, vimepimwa na nani, na kwa kifaa gani. Mkubwa wao ni Profesa Kahiga, mzee wa miaka sitini na minne, mpole, anayevaa kofia hata ndani ya nyumba. Programu yangu ya kwanza ilipotoa jibu kwenye ukuta, ishirini na nne, watu wa diploma wangepiga makofi. Kahiga aliuliza ishirini na nne nini. Nikasema ni ishirini na nne tu, Prof. Akauliza kwa upole kama ni mbuzi. Kwa wiki mbili hakukubali kusoma namba yoyote ambayo haikuandikwa kando kwamba ni sekunde, mita au nyuzi za joto, na kila nikisahau, darasa zima lilikuwa likilia kama mbuzi. Watu wazima, dada, wenye wajukuu.

Hilo nililimeza. Lililonikwama kooni ni Ciku. Kila nikiandika kitu ubaoni, mkono wake ulipanda polepole, kwa adabu zote ulizomfundisha, na sauti ikasema kwamba samahani Mwalimu, anafikiri mstari wa tatu utasoma kipimo cha mwisho mara mbili. Na kweli ulikuwa unakisoma mara mbili. Mara ya nne ilipotokea, Kahiga alipendekeza mimi na Ciku tubadilishane viti. Walicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, na ukiniona ninacheka kuliko wote, jua kuna mahali nimechubuka.

Kwa hiyo nikaanza kumtazama. Ukimtazama mtu kwa jicho la namna hiyo, utaona tu. Hata mtakatifu angeonekana anaficha kitu. Niligundua ana daftari jeusi anamoandika nikifundisha, na nikipita karibu analifunga. Niligundua ananong'ona na Ndinda, fundi wa maabara, Mkamba mwenzetu wa Kithimani, na wote wawili wananyamaza nikiingia. Siku moja nilimwona nyuma ya stoo amebeba kitu kirefu amekizungushia sweta, anapanda nacho ngazi kuelekea paa la mabati, anatazama kushoto na kulia. Nikaanza kuhesabu. Daftari la siri, minong'ono, kitu ndani ya sweta. Nilirudi nyumbani nikamwambia Carolyne kwamba yule msichana anataka kazi yangu. Carolyne aliniuliza ni kazi ipi hiyo, ya siku mbili kwa wiki, na kama siku hizi nimeajiriwa kufundisha au kupeleleza.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Niliwapa kazi moja kubwa. Kila mmoja alipewa kijisanduku cha kupimia joto, kinachochomekwa kwenye stima na kuandika joto kwenye faili kila baada ya dakika kumi. Walivitawanya chuoni, kimoja ofisini, kimoja kwenye varanda, kingine chini ya mti wa jakaranda. Ciku aliweka chake juu ya stoo, chini ya mabati. Vikae wiki nzima, kuanzia Jumatatu tarehe tano Mei, kisha kila mtu atumie programu niliyowagawia kuchora grafu na kuieleza.

Tarehe kumi na nne waliniletea grafu. Nilizipanga mezani zote nane. Saba zilikuwa nzuri kama mashuka yaliyopigwa pasi. Joto linapanda asubuhi, linashuka jioni, kila siku. Ya nane ilikuwa ya Ciku, nayo ilifanana na wenzake siku sita, lakini Jumanne, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane na nusu, mstari ulirukaruka kama mbuzi aliyeona nyoka. Ulipanda, ukaporomoka, ukapanda tena. Wengine wote, saa zile zile, walikuwa wametulia tuli, mstari umenyooka kama barabara kuu.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, dada. Ninaandika neno hilo makusudi. Nilifungua faili yake. Vipimo vyote vya kijisanduku huja na tarakimu mbili baada ya nukta, na huja kila dakika kumi kamili. Vya Ciku, katika saa zile, vilikuwa na tarakimu moja tu, na dakika zake zilikuwa za ajabu: na dakika saba, na dakika kumi na tisa, na dakika thelathini na mbili. Mtu alikuwa ameviingiza kwa mkono. Faili za wale saba sikuzifungua. Kwa nini nizifungue? Saba walikubaliana na mmoja akapingana nao. Hata mtu wa D anajua nani mwongo hapo.

Ningeweza kumuuliza. Tulikuwa tunakunywa chai meza moja. Badala yake niliandika memo kwa Odongo, kwa lugha ya serikali, kwamba imebainika na imethibitika, na nikaipeleka kesho yake, Alhamisi.

Ciku aliitwa ofisini siku hiyo hiyo, nami nikiwa nimeketi pembeni. Odongo alimuuliza kama namba zile zilitoka kwenye kijisanduku. Alisema hapana, bila kusita. Alisema Jumanne ile stima ilikatika, kijisanduku kikazima, naye akapanda juu ya stoo akasoma joto kwa kipimajoto cha zebaki na saa ya mkononi, akaandika daftarini, kisha akaingiza kwenye faili. Alisema Ndinda alikuwepo. Odongo hakuwa na njia ya kujua, maana Jumanne ile idara nzima ilikuwa imepanda basi kwenda Murang'a kuzika mama yake Profesa Kahiga, na mimi nilikuwa Thika niking'olewa jino. Walibaki Ciku na Ndinda peke yao, wadogo ndio huachiwa kulinda nyumba.

Basi Odongo akazitandaza grafu zile saba mezani, mbele ya Ciku. Akamuuliza stima ilikatika vipi kwake pekee, wakati visanduku vya wenzake saba, kwenye chuo hicho hicho, vilipima joto saa zile zile bila kukosa hata dakika kumi. Ciku alizitazama kwa muda mrefu. Nilimwona anatafuta kitu ndani yake, anatazama hii, anarudi kwa ile. Alisema hajui. Alisema anachojua ni kwamba alikuwa juu ya ngazi. Kuhusu Ndinda, mimi ndiye niliyesema kwamba huyo ni rafiki yake, ushahidi wake hauna uzito. Mafundi wa maabara hawaulizwi, dada, ndiyo desturi ya vyuo. Akasimamishwa mafunzo, na Odongo akamwambia kwamba kwa hali ilivyo hataweza kumpendekeza kuthibitishwa. Alisema asante. Alipofika mlangoni alirudi kuchukua kalamu yake.

Hayo ndiyo niliyokueleza kwa simu, yakiwa yamefupishwa. Yanayofuata hukuyasikia.

Ndinda alinijia baada ya darasa, akafunga mlango, akaniongelesha Kikamba, na unajua mtu akikuacha na Kiswahili cha kazini akakurudisha Kikamba, amekuvua cheo. Aliniuliza mimi ni wa wapi na mama yangu alikuwa nani. Aliniuliza kama nimewahi kushika mwavuli nusu saa, nimesimama kwenye matope, nikimkinga mtu aliye juu ya ngazi asome kipimajoto. Yeye alishika. Stima ilitoka saa tano, ikarudi saa nane na nusu, chuo chote. Na saa sita na robo ilinyesha mvua ya dakika ishirini, kubwa, makoti yake kumi na mawili ya maabara aliyokuwa ameanika yakalowa yote, akayafua upya. Akasema kama siamini mvua, niende nikaulize makoti.

Alipoondoka nilizipanga zile grafu tena. Ya Ciku iliporomoka saa sita na robo, nyuzi sita kwa dakika kumi na tano. Mabati yalipata mvua yakapoa. Kwenye zile saba, hata ile ya varanda, hata ile ya chini ya jakaranda, hakukuwa na tone moja. Mvua ya Ruiru ilikuwa imenyesha kwa Ciku peke yake.

Ndipo nikafungua faili za wale saba. Kuanzia saa tano hadi saa nane na nusu zilikuwa tupu. Hakuna kitu. Nikafungua programu yangu, ile niliyowagawia, nikashuka mpaka mstari wa arobaini na mbili, nikaukuta umenisubiri.

Niliuandika mwenyewe, Februari. Siku moja nilikuwa nawaonyesha mfano, plagi ikawa imelegea, vipimo vikakosekana hapa na pale, na grafu yangu ikatoka na mapengo. Kahiga aliuliza kama ile ni grafu au ni zipu. Wakacheka. Nilikwenda nyumbani nimenuna, nikaongeza mstari mmoja: popote pasipo na kipimo, unganisha huku na huku kwa mstari ulionyooka, usiseme neno. Wiki iliyofuata grafu zilitoka safi, wakanipigia makofi, nami sikuwaambia kilichozisafisha. Kisha nikasahau. Nilisahau kweli, hilo naweza kuapa, ingawa kwa sasa kiapo changu hakina bei.

Kwa hiyo data ilipikwa, dada. Ilipikwa mara saba, na mpishi ni ndugu yako. Mmoja tu kati ya wanane alikula mbichi, na huyo ndiye niliyemfukuza jikoni.

Na daftari jeusi? Ndinda aliniletea Jumatatu yake, Ciku alikuwa ameliacha maabara. Vipimo vya Jumanne vilikuwemo, kwa kalamu ya wino, kimoja amekosea akakipiga mstari mmoja bila kukifuta, kama ulivyowafundisha. Nyuma kulikuwa na ukurasa wenye kichwa: Makosa ya Mwalimu, ya kumwambia akiwa peke yake. Yalikuwa kumi na tisa. Yale manne aliyoyasema darasani ni yale tu ambayo yasingeweza kungoja. Ndiyo maana alikuwa analifunga nikipita.

Mstari wa arobaini na mbili haukuwemo. Huo nilikuwa nimeuficha vizuri.

Tarehe nne Juni, Jumatano iliyopita, niliwakusanya wote, nikawasha projekta, nikauweka mstari ule ukutani na kuwaeleza. Nikaziweka grafu zao saba, kisha ya Ciku, nikawaonyesha mvua. Hakuna aliyelia kama mbuzi. Profesa Kahiga alivua kofia, mara ya kwanza kumwona kipara, akasema miaka thelathini na mmoja amekata alama za wanafunzi kwa sababu grafu zao zilikuwa nzuri kupita kiasi, na yake alitaka kuiwekea fremu. Aliwauliza wenzake ni nani kati yao aliyefungua faili yake kuitazama kabla ya kuiamini. Odongo alichana ile memo. Kesho yake Ciku aliitwa, akaombwa radhi, na jina lake likarudishwa kwenye orodha ya kuthibitishwa.

Mbele ya wote Ciku alinishukuru. Alisema wapo watu ambao wangekaa kimya kulinda jina lao, lakini Mwalimu Maluki alisema siku ile ile aliyojua. Wakanipigia makofi, makubwa kuliko yale ya Februari.

Ningekomea hapo, barua hii ingekuwa nzuri. Ungesema mdogo wangu ni mjinga lakini ni mkweli. Carolyne mwenyewe mpaka jana alijua hivyo. Lakini tazama nilivyokuandikia: nimekupa tarehe ya kila kitu isipokuwa ya siku aliyofunga Ndinda ule mlango.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na sita Mei. Siku moja tu baada ya memo.

Niliwaambia wanafizikia kwamba nimeuona mstari ule asubuhi ile ile ya Jumatano. Uongo. Nilikuwa nimekaa nao siku kumi na tisa. Nilijiambia nitasema wikendi ikipita. Nikajiambia Odongo apoe kwanza. Nikajiambia nitasema baada ya sikukuu ya Madaraka. Nilimsihi Ndinda anyamaze kidogo nitengeneze mambo taratibu, naye akanyamaza kwa sababu nilimwambia mimi ni kaka yake. Nilikuwa nafika Ruiru, nafundisha, nakunywa chai, kiti cha Ciku kikiwa wazi mbele yangu. Na wala si dhamiri iliyonisukuma mwishowe. Jumanne, tarehe tatu, Profesa Kahiga alinijia akiomba namba zake zenyewe kutoka kwenye faili, anataka kuichora upya kwa penseli ajifurahishe. Nilijua akifika Jumanne ya Mei atakuta shimo. Nilisema kweli kwa kuwa kesho yake ningekamatwa.

Na sasa hesabu tarehe, dada, wewe ni hodari wa hesabu. Ndinda alinijia tarehe kumi na sita. Wewe nilikupigia tarehe kumi na nane. Nilipokwambia Ciku amepika data, nilikuwa nimeshajua siku mbili kwamba hakupika. Nilikupigia kwa sababu niliogopa atakupigia yeye kwanza, na nilijua sauti yake ungeiamini. Nilitaka yangu ifike mapema. Nilijua wanafunzi waliopika data katika maabara yako ulikuwa unawafanya nini. Nilikutumia, mwana wa mwaitu, kama mtu anavyotumia rungu la jirani.

Jana Jumamosi nilikwenda Gitothua, anakokaa. Nilimkuta anafungua mafurushi, maana alikuwa ameshafunga vitu arudi kwa mama yake. Sikukaa. Nilimwambia hizo siku kumi na tisa, nikamwambia pia habari ya simu. Nilimwambia nimeshamwandikia Odongo, na kesho Jumatatu nitawaambia wale saba kwa mdomo wangu, kisha waamue wenyewe kama wananitaka tena. Alisikiliza akiwa ameshika sufuria.

Ndipo nikajua usichoniambia. Kwamba ulimpigia jioni ile ile, ukamwambia akurudishie kipimajoto chako, kile cha zebaki ulichompa ulipostaafu, kwa kuwa hakifai mkononi mwa mtu wa namna yake. Na kwamba alikirudisha, kimefungwa ndani ya sweta kisivunjike. Ndicho alichokuwa anapanda nacho juu ya stoo siku niliyomwona, dada, kujipimia joto la mabati. Alikuwa anatazama kushoto na kulia kwa sababu ngazi hairuhusiwi.

Aliniambia hajali sana kuhusu Odongo wala ripoti; kazi angepata kwingine. Alisema amekupigia mara kumi na moja tangu siku ile na hujapokea. Kisha aliniuliza swali moja tu, kama wewe unajua. Nikasema bado. Akasema basi anachotaka kwangu ni hicho, nikuandikie, na nisiandike kwa kujipendelea. Akarudi kwa sufuria zake. Mimi hakuniaga, na sikustahili.

Simwombei wala sijiombei. Hasira yako kwangu itunze, nitakuja kuichukua mwenyewe hapo Matuu utakaponiruhusu. Lakini yeye usimwache angoje mpaka tuelewane mimi na wewe. Namba yake haijabadilika. Mpigie leo, kabla hujakunja barua hii.

Wasalimie majirani wote na uliangalie goti kwenye baridi hii. Carolyne nimemwambia yote jana. Anakusalimu, mimi bado hajanisemesha. Mungu akulinde.

Nduguyo,
Maluki